Propela Imetoka Ndefu? Weka Msumeno Chini Kwanza

Nilipobadilisha giaboksi ya pikapu yangu, propela ya zamani haikukaa tena. Nikachongesha nyingine, ikatoka ndefu kwa sentimita tatu. Kama na wewe yamekukuta, anza hivi.

1. Isikilize ikiwa na mzigo. Gari tupu laweza kukudanganya wiki nzima. Pakia mifuko kumi ya saruji, pita tuta polepole. Ukisikia "ko!" chini ya miguu, slaidi imegonga mwisho na propela inaisukuma giaboksi. Sili ya nyuma itaanza kuvuja, kisha beringi zitafuata, za giaboksi na za pinioni ya difu. Liegeshe.

2. Pima gari likiwa limekanyaga chini. Yangu iliharibikia hapa. Fundi aliweka stendi chini ya chesesi, eksele ikabaki inaning'inia, naye akapima hivyo hivyo. Difu ikishuka, mara nyingi hukaa mbali zaidi na giaboksi, basi kipimo kinatoka kirefu. Tumia shimo la karakana, matairi yabebe uzito wote. Sukuma slaidi hadi mwisho, irudishe nje kama milimita 25, ndipo utandike futi.

3. Funga kamba ya plastiki kwenye meno ya slaidi, ile ya kufungia nyaya. Zunguka na mzigo kwenye barabara mbovu, kisha ingia chini uone imesukumwa mpaka wapi. Hakuna ubishi tena kati yako na fundi.

4. Ndefu hukatwa, fupi hubadilishwa bomba. Usikubali kamwe kuungiwa kipande katikati. Kitu kinachozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika hakitaki kiraka. Ikiwa imepungua milimita chache tu na ina flenji, spesa ya chuma iliyokerezwa vizuri inatosha, pamoja na bolti ndefu za ugumu uleule.

5. Piga alama kabla ya kukata. Chora mstari mmoja mnyoofu kutoka yoki ya mbele hadi ya nyuma. Mstari huo ndio utakaokuambia yoki zimerudi mkao wake wa mwanzo. Zikipishana hata kidogo, gari litatetemeka na utabadilisha krosi kila mara. Fundi akereze mshono wa upande mmoja, akate bomba, arudishe yoki, kisha aishike kwa vidoti vinne tu. Hapo azungushe propela kwa mkono huku saa ya kupimia ikigusa bomba. Sindano ikicheza, anagonga taratibu mpaka itulie, ndipo achomelee mzunguko mzima. Simama pale uangalie. Anayeruka hatua hii anakupa bomba lililopinda lenye rangi mpya.

6. Krosi zivuliwe kabla ya moto. Joto huunguza sili na grisi, na umeme wa kuchomelea ukipita kwenye vipini vya beringi huviachia vidonda.

7. Ipelekwe balansi upya. Vile vibati vya uzito vilipangiwa urefu wa zamani, havina kazi tena.

Ukishaifunga, tia grisi mpaka ichungulie kwenye sili za krosi. Baada ya kilomita mia, rudi chini na spana ukague bolti zote nane za flenji.