Kitabu cha Utotoni na Ladha ya Utu Uzima

Twaona mtu huyu apenda hadithi za safari, mwenziwe apenda mashairi, na wa tatu hana haja na kitabu chochote tangu alipotoka shuleni. Je, tofauti hii yatoka wapi? Wazee walinena, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na neno hili lahusu kusoma pia.

Na tutazame mfano mmoja. Charles Dickens, mtungaji mashuhuri wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1812. Katika utoto wake huko Chatham, baba yake alikuwa na vitabu vichache, navyo viliwekwa katika chumba kidogo cha juu. Humo mtoto alisoma habari za Robinson Crusoe na Don Quixote, na hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo sisi nasi tulipata kuzisoma kwa Kiswahili. Kisha dhiki ikaingia nyumbani, na vitabu vikauzwa. Mwaka 1824 baba alifungwa katika gereza la Marshalsea kwa ajili ya deni, na mwana, mwenye miaka 12, alifanya kazi kiwandani, akibandika karatasi juu ya vikopo vya dawa ya viatu.

Vitabu vilikwenda, lakini hadithi hazikwenda. Mwaka 1843 Dickens alitoa kitabu chake A Christmas Carol. Ndani yake mzee Scrooge, aliye bahili na mgumu wa moyo, aonyeshwa utoto wake mwenyewe: yu peke yake shuleni, anasoma, na Ali Baba na Crusoe wako mbele yake kama watu hai. Hapo mzee alia, na ugumu wake waanza kuvunjika.

Basi twajifunza mambo matatu.

Kwanza, ladha hufanyika mapema. Si kwamba mtu mzima husoma vitabu vile vile. Bali hutafuta katika vitabu vipya utamu ule aliouonja kwanza.

Pili, si lazima vitabu viwe vingi. Rafu moja yatosha, ikiwa mtoto ana ruhusa ya kuifikia na nafasi ya kukaa kimya.

Tatu, uchungu nao hukaa. Mtoto aliyejua kitabu kwa fimbo na mtihani tu, akiisha kushinda mtihani hukitupa kitabu, kama mgonjwa aliyepona aitupavyo chupa ya dawa.

Kwa hiyo yatupasa sisi wazazi na walimu tujiulize: Katika nyumba zetu mna kitabu gani ambacho mtoto aweza kukisoma kwa furaha, pasipo kuulizwa maswali? Na ikiwa hakuna, jioni tuna vinywa vya kusimulia. Tusingoje akue, maana samaki hukunjwa angali mbichi.