Toyota 86 Baada ya Mkono wa Kwanza

Toyota 86 lilianza kuuzwa Japani Aprili 2012. Pacha wake, Subaru BRZ, lilitoka kwenye kiwanda hicho hicho cha Subaru kule Ota, mkoa wa Gunma. Mengi yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yameshatumiwa na Mjapani miaka kadhaa, na mnunuzi wa huku anataka kujua jambo moja kabla hajatoa hela: gari limeundwa vizuri, au limependeza tu? Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu gari hili.

Fundi, nimekagua moja la 2014. Dashibodi ni plastiki ngumu, na mlango ukiufunga unalia kama bati. Hapo si wamebana matumizi?

Walibana, na hawakuficha. Tetsuya Tada, mhandisi aliyeongoza mradi, alitaka gari jepesi ambalo kijana angelimudu. Hata tairi zilizokuja nalo, Michelin Primacy za 215/45 R17, ni za aina ile ile iliyofungwa kwenye Prius. Gari lina kilo 1,200 na ushee tu, na vizuia sauti milangoni ni vichache, ndiyo maana mlango unalia hivyo.

Ila mlango kulia siku ya kwanza hakukwambii chochote kuhusu mwaka wa kumi. Plastiki ile ngumu haipauki ovyo wala haipasuki. Linganisha na baadhi ya magari ya Ulaya ya umri huo, ambayo ndani yalipakwa utando laini wa mpira: yakikaa juani miaka michache, swichi zinanata vidoleni.

Ukitaka kujua gari limetumika kiasi gani, achana na dashibodi. Angalia ubavu wa kulia wa kiti cha dereva. Gari liko chini, kiti kimekumbatia, na kila anayeingia au kutoka anaukalia ubavu ule kwanza. Kitambaa kikiwa kimelika hadi sponji inachungulia, na mita inasoma kilomita 30,000, basi mita hiyo ina maswali ya kujibu. Kisha vuta kitasa cha mlango taratibu. Kioo hakina fremu, kwa hiyo kinatakiwa kishuke kidogo kabla mlango haujaachia, na ukifunga kipande tena kuingia kwenye mpira. Kisiposhuka, kitaukwaruza mpira wa juu mpaka uanze kupitisha maji.

Kelele za plastiki nyuma ya viti vya nyuma utazisikia kwenye barabara ya vumbi. Zipo, zinakera, na hazijamwacha mtu njiani.

Nasikia yale ya mwanzo yalikuwa na matatizo mengi. Ni yapi hasa?

Mwaka wa kwanza kulikuwa na malalamiko ya aina tatu. Taa za nyuma ziliingia ukungu na matone ya maji. Baadhi ya injini ziliyumba mzunguko gari likiwa limesimama, au zilizima kabisa. Dawa ikawa kuipa kompyuta ya injini programu mpya. Na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa ilikuwa ikilia kama nyenje usiku.

Taa zilibadilishwa, programu ikabadilishwa, na pampu wengine wameendelea kuisikia mpaka leo bila madhara. Ukikuta 86 la 2012 lina maji kwenye taa, jua tu kwamba mwenyewe wa kwanza hakuhangaika kulirudisha kwa wakala, kisha jiulize ni nini kingine alichokiacha.

Hizo springi za valvu ni habari gani? Kila gereji ninayokwenda wananitisha.

Hapa wana haki ya kukutisha kidogo.

Injini ya gari hili, FA20, ni boksa ya lita 2: silinda nne zimelala, mbili kila upande, kipenyo milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86. Ina valvu 16, na kila moja inafungwa na springi yake. Novemba 2018 Subaru ilitangaza wito wa kurudisha magari takribani 400,000 duniani, yakiwemo 86 na BRZ ya miaka ya mwanzo. Springi zilisanifiwa zikibeba mzigo mkubwa kuliko ilivyofaa, na chembe ndogo mno za uchafu ndani ya chuma chenyewe zingeweza kuwa chanzo cha kuvunjika. Springi ikikatika injini inaanza kugonga, na inaweza kuzima gari likiwa kwenye mwendo.

Tazama tarehe. Gari la 2012 lilikuwa na miaka sita barabarani. Zile tafiti za ubora zinazotangazwa sana, kwa mfano ule wa J.D. Power wa Marekani, huwauliza wenye magari baada ya siku 90 za kwanza. Upo mwingine wa baada ya miaka mitatu. Taa yenye maji itaonekana ndani ya siku 90. Chembe ndani ya chuma cha springi haionekani hata ukiishika mkononi. Kwa hiyo 86 lilipata sifa ya ubovu kwa vitu vidogo vilivyoonekana mapema, na kitu chenyewe cha kuogopwa kilikuwa kimetulia ndani ya injini.

Tatizo halikuishia kwenye springi. Kwa kuwa silinda zimelala, vichwa vyake vinatazama kuta za chesisi, na nafasi ya kufanyia kazi hakuna. Ili kubadilisha springi, injini lazima ishushwe. Kifuniko cha mbele hakifungwi kwa gasketi ya kawaida bali kwa silikoni ya kupaka. Baada ya matengenezo hayo, baadhi ya injini ambazo hazijawahi kusumbua zilikufa. Huko Marekani wenye magari walikwenda mahakamani, na lililolalamikiwa ni silikoni iliyopakwa kupita kiasi, ikamenyuka ndani na kuziba njia za oili.

Kwa hiyo usiishie kuuliza kama springi zilibadilishwa. Uliza zilibadilishwa lini, na gari limetembea kiasi gani tangu hapo. Toyota Japani ina ukurasa ambapo unaingiza namba ya chesisi (ya 86 huanza na ZN6) na kuona kama gari linahusika na wito na kama kazi ilifanyika. Binafsi ningechukua lililotengenezwa likatembea kilomita 20,000 bila kelele kuliko lililotoka kwenye benchi mwezi uliopita. Na usidanganyike na ukaguzi wa lazima wa Japani, ule shaken unaofanywa gari likifika miaka mitatu na kisha kila miaka miwili: kuupita si ushahidi kwamba springi zimeguswa.

Gia inakwaruza nikiingiza namba mbili asubuhi. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Si lazima. Gia boksi hili likiwa la baridi ni gumu, hasa namba mbili, na hata magari mapya kabisa yalilalamikiwa. Endesha taratibu kilomita chache oili ipate moto. Likiendelea kukwaruza likiwa na moto, sinkromeshi imelika, na hapo fungua mkoba.

Cha kusikiliza zaidi ni beringi ya klachi. Gari likiwa linanguruma limesimama, mguu haupo kwenye klachi, utasikia mlio mwembamba. Gusa pedeli kidogo, mlio unakata. Ni ugonjwa unaojulikana wa gari hili. Beringi yenyewe si ghali, ila gia boksi linashushwa, kwa hiyo ukishashusha badilisha na klachi nzima.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, mshukuru, rudi kesho yake.

Karatasi ya mnada inasema daraja la 4, lakini kwenye mchoro kuna A2, U1 na XX. Niamini daraja au mchoro?

Mchoro. Daraja ni wastani wa macho ya mkaguzi. Mchoro unakuonyesha mahali. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni wimbi linaloachwa na kazi ya puti na rangi, S ni kutu, na namba inayofuata inaeleza ukubwa. X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Gari lililotengenezwa au kubadilishwa sehemu za mifupa ya bodi huandikwa R au RA, lakini boneti na mabawa ya mbele yanafungwa kwa bolti, na kuyabadilisha peke yake hakuligeuzi gari kuwa R. Ndiyo maana daraja la 4 linaweza kuwa na XX kwenye boneti.

Na gari kama hili XX ya mbele si ajabu. Ni gari la kuvutwa na magurudumu ya nyuma, linanunuliwa na vijana, na Wajapani wanalipeleka milimani na viwanjani kulichezea. Kagua bolti za boneti na mabawa: rangi juu ya kichwa cha bolti ikiwa imechubuka, spana imepita. Kisha inamia uangalie mwamba unaoshika rejeta. Nukta za kulehemu za kiwandani ni za duara, zimepangwa kwa nafasi sawa. Zilizorudiwa gereji zinapishana.

Angalizo kwa wanaotembea na sumaku mfukoni kutafuta puti: kwenye boneti ya 86 haitashika popote. Boneti ni ya aluminiamu. Nimeshaona mnunuzi akimwita muuzaji tapeli kwa kosa hilo, na muuzaji naye hakuwa na jibu.

Rangi ni nyembamba. Utakuta vidoa vya mawe kwenye bampa ya mbele, kwenye boneti, na mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, pale ambapo tairi za mbele hurusha changarawe. Bodi haina sifa mbaya ya kutu, ila gari lililoishi Hokkaido au kaskazini mwa Honshu limepita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Lipandishe kwenye lifti. Bolti za chini zikiwa zimevimba kutu nyekundu, wewe mkazi wa Mombasa utakuwa unalitoa kwenye chumvi moja na kulileta kwenye nyingine.

Nimepata lenye turbo, rimu kubwa na shokapu za kushusha, kwa bei nzuri sana. Nichukue?

Hapana.

Au tuseme hivi: chukua kama una hela ya injini nyingine. Kiwanda kilipanga mgandamizo wa 12.5 kwa 1, mkubwa, kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Ukiisukumia hewa kwa turbo, usalama wake wote uko kwenye programu ya kompyuta, na programu hiyo iliandikwa kwa petroli nzuri ya Japani na mtu usiyemjua. Konrodi ndizo zinazotangulia kusalimu amri.

Toyota wenyewe walijua watu watalichokonoa. Mwanzoni Japani kulikuwa na toleo la RC lenye bampa zisizopakwa rangi na lisilo na kiyoyozi, la kumuuzia mtu atakayelibadilisha lote. Kwa hiyo ulizia vifaa vya asili viko wapi. Muuzaji anayekwambia shokapu na bomba la moshi la kiwandani vimo kwenye boksi ndani ya buti ya nyuma, huyo ongea naye. Ambaye hajui vilipo, na taa ya airbagi inawaka kwa sababu viti vilibadilishwa, muage vizuri.

Matuta ya huku litayaweza?

Lina sentimita 13 hivi kutoka chini, kwa hiyo matuta mengine utayapita mshazari na mengine utayakwaruza. Kinachoumia ni plastiki za chini na mdomo wa bampa. Lililoshushwa, sahau.

Oili na plagi?

Oili ni 0W-20, na chujio limekaa juu ya injini, mahali ambapo hata asiye fundi analifikia. Plagi ndiyo shughuli. Ziko ubavuni, kati ya kichwa cha silinda na ukuta wa chesisi, na zinabadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Muulize fundi wako kama ameshawahi kubadilisha plagi za boksa. Akicheka, ameshawahi.

La kabla ya 2016 au la baada?

La baada, kama mfuko unaruhusu. Katikati ya 2016 Japani walitoa toleo lililofanyiwa marekebisho: nukta za kulehemu ziliongezwa nyuma ya bodi, taa za mbele zikawa za LED, na yenye gia za mkono yakapanda kutoka nguvu za farasi 200 hadi 207. Nguvu hizo saba huzisikii. Unachopata ni miaka minne ya makosa yaliyokwisha kusahihishwa, na gari lililo nje ya kundi la springi. Kenya, kwa sheria ya miaka 8, yale ya mwanzo hayaingii tena. Unayoyaona yalishaingia zamani na yana mmiliki wa pili au wa tatu wa hapa hapa. Tanzania yanaingia, ukilipa ushuru wa uchakavu.

Na GR86 jipya? Hilo si wamemaliza matatizo yote?

Lilianza kuuzwa Japani Oktoba 2021, injini ya lita 2.4 na nguvu 235. Ni gari bora kuliko lililotangulia karibu kila upande: bodi imekakamaa zaidi, na lile bonde la nguvu la gari la kwanza, injini inapolegea katikati ya mzunguko, limeondoka.

Silikoni imerudi, lakini. Waliofungua karteri za magari mapya wamekuta vipande vyake vimenasa kwenye wavu wa mdomo unaonyonya oili. Wengine wanatembea navyo bila shida. Wanaolipeleka kwenye mashindano ndio wenye wasiwasi zaidi, kwa sababu kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na pampu inabaki na kidogo cha kunyonya. Karteri ya chini inafunguka bila kushusha injini. Ukinunua la mkono wa pili, lifungue kwenye sevisi ya kwanza, safisha wavu, na usimame hapo hapo fundi anapofunga, uone anapaka silikoni kiasi gani.