Mti wa Ukoo: Uliza Kabla ya Kunakili



Somo la safari hii linahusu jambo lililoingia vijijini kwa njia ya simu, na vikundi kadhaa vimetuuliza juu yake. Vijana wetu wanaandika mti wa ukoo kwenye intaneti. Wanaweka babu, nyanya, shangazi na wajomba. Binamu aliyeko Eldoret au Marekani anauona, anachukua majina yote na kuyaweka katika mti wake. Mwingine naye anachukua kutoka kwa huyo. Baada ya miezi michache, jina la mama mzee ambaye simu yake ni mulika mwizi tu liko mahali sita, na mwenyewe hajaulizwa hata mara moja.

Hatusemi kazi hiyo ni mbaya. Sisi wa Kariokor tuna sababu ya kuipenda. Jina la mtaa wetu ni Carrier Corps, lililopita katika midomo ya wenyeji. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana Kariakoo yao kwa sababu hiyo hiyo. Lilikuwa jeshi la wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wanaume walichukuliwa kutoka sehemu nyingi za nchi hii, wakabeba unga, risasi na majeruhi mpaka ndani ya nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania. Waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Ukifika Kenyatta Avenue, itazame ile sanamu ya watu watatu, mmoja wao mpagazi. Maandishi yaliyo chini yanaahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya waliokufa. Lakini majina yenyewe hayakuandikwa hapo, hata moja.

Kwa hiyo mjukuu akiuliza baba ya babu yake aliitwa nani, anauliza jambo la maana sana. Shida ni pale anapopata jibu kwa kubonyeza mara moja.

Sasa tuangalie kosa linavyosafiri. Chukua mfano wa nyanya asiye na cheti cha kuzaliwa. Mjukuu wa kwanza alikaa naye chini, akamuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa njaa ya mwaka 1943, wakapiga hesabu, akaandika “karibu 1930”. Wa pili akanakili, neno “karibu” akaliacha. Wa tatu programu ikamwomba siku na mwezi, akaweka tarehe 1 Januari ili iache kumsumbua. Wa nne sasa anawaonyesha watu kwamba shosho alizaliwa tarehe 1 Januari 1930, na miti mitatu inakubaliana naye! Kumbe si mashahidi watatu. Ni mtu mmoja aliyekisia, na wengine wakamfuata. Tena yule wa kwanza akijua ukweli na kusahihisha kwake, huko kwingine hakusahihishwi. Nakala ikishatoka imetoka.

Majina yetu nayo yana mambo yake. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Basi Kamau wa Njoroge anamzaa Njoroge wa Kamau, naye anamzaa Kamau wa Njoroge. Programu inapoona majina mawili yanafanana huuliza: je, huyu ni yule yule? Kijana akijibu ndiyo bila kufikiri, babu na mjukuu wanakuwa mtu mmoja, na mama anaonekana amezaliwa baada ya mwanawe.

Hapa Kariokor na Pumwani kuna lingine. Mtu alitoka Murang'a au Ukambani, akafika mjini, akasilimu, akaitwa Juma. Nyumbani walimjua kwa jina lake la zamani. Baada ya vita ikaja kipande, na karani akaandika jina jinsi alivyolisikia. Mtu huyo mmoja anaweza kuonekana kama watu watatu. Wa kuwaunganisha ni mzee anayekumbuka, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Afadhali nauli ya kumfikia huyo kuliko bando.

Halafu kuna lugha yenyewe. Sisi mtoto wa baba mdogo ni ndugu, basi. Programu haijui hivyo. Ukiandika ndugu, itakupa mzazi mmoja. Kwa Waluo, mjane aliporithiwa na shemeji yake, watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wa marehemu. Mtu wa mbali akiona mtoto aliyezaliwa miaka mitano baada ya baba kufa, atadhani ni kosa, “atalisahihisha”, na hapo amevunja heshima ya nyumba nzima akiwa ameketi sebuleni kwake ng'ambo. Hata katika Biblia, ukoo wa Yesu ulioandikwa na Mathayo haulingani na ule wa Luka, na wazee wa kanisa la kwanza hawakuuchanganya kuwa mmoja. Waliacha yote mawili, kila moja na aliyeliandika.

Tufike kwa walio hai, maana hapo ndipo tunaogopa zaidi. FamilySearch, ambayo ni bure na inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ina mti mmoja wa watu wote. Aliye hai hufichwa, aliyekufa huonekana na yeyote anaweza kumbadilisha. Kwa hiyo ukimwandika shangazi yako kuwa amefariki na bado yuko shambani anapalilia, umemweka wazi mbele ya dunia. Ancestry ina miti ya kila mtu peke yake, na huko ndiko kunakili kunakoenda kasi. Kuna pia faili liitwalo GEDCOM linalobeba mti mzima, wazima na wafu pamoja, kama gunia. Anayekutumia hajui utalifungulia wapi.

Mtasema, kuna ubaya gani jina kujulikana? Fikirieni mtoto aliyelelewa na nyanyake na kumwita mama, na ambaye hajaambiwa bado. Fikirieni ndugu aliyeandikwa alikufa kwa ugonjwa gani, na mjane wake bado yuko kijijini. Wakora nao wanasoma. Mtu anayetaka kujifanya wewe kwa simu anahitaji tarehe yako ya kuzaliwa na jina la mama yako, na mti wa ukoo una vyote viwili. Akipiga akisema yeye ni mtoto wa marehemu mjomba wako, na anamtaja mjomba kwa jina la utani, utakataaje kumtumia pesa?

Na mashamba! Mzee akifa bila wosia, familia hupeleka kortini barua ya chifu inayotaja walioachwa. Mti wa intaneti hauchukui nafasi ya barua hiyo. Lakini ukiwa umeacha nyumba ya mke wa pili kwa sababu binamu uliyemnakili naye aliiacha, matanga hayataisha kwa amani. Watu wataushika kama ushahidi hata kama si ushahidi.

Sheria nayo iko. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimgusi mtu anayeandika mambo ya nyumbani kwake kwa matumizi yake tu. Kikundi chenye rejista ya wanachama na jamaa zao ni habari nyingine. Mtu ana haki ya kujua mnaandika nini juu yake na kwa nini, na ya kuomba kosa lirekebishwe. Habari za mtoto zahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Tunasema haya hasa kwa vikundi vya mazishi. Katibu asichukue majina ya wazazi na wakwe wa mwanachama kutoka kwenye simu ya mpwa wake, hata kama ni kuokoa muda. Mwanachama aseme mwenyewe, katibu aandike, asomewe, atie sahihi au kidole.

Je, kijana aliyekwisha kunakili afanye nini? Asifute kila kitu kwa hofu. Aanze na walio hai: ahakikishe hakuna aliyeandikwa amekufa, na aondoe nambari za vitambulisho, simu na tarehe ambazo hakupewa ruhusa kuweka. Kisha amwandikie aliyemnakili na kumuuliza swali moja: wewe ulisikia kwa nani? Jibu likiwa “niliikuta tu”, jina libaki na alama ya kuuliza mpaka apatikane anayejua.

Kwa mkutano wenu ujao, tunaomba kila mmoja alete daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika jina la jamaa na unachokijua juu yake. Upande wa pili andika aliyekuambia na mwaka aliokuambia. Pale upande wa pili utakapobaki mtupu, kubalianeni ni mzee gani atatembelewa kwanza, na ni nani atamlipia nauli huyo anayekwenda.