Kompyuta ya Duka: Usimalize Bando kwa Programu Usizohitaji

Tuseme una duka hapa Ziwa la Ng'ombe. Unapokea malipo kwa simu, na hesabu za siku unaziweka kwenye kompyuta ya mtumba yenye Lubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux. Intaneti ni bando. Sasa unataka faiawoli, ili mtu mliyeunganishwa naye kwenye waifai moja asiifikie mashine yenye namba za wateja wako.

Wengi hukimbilia Gufw kwa sababu ina dirisha na vitufe. Lakini Gufw haiji peke yake. Ili ichore dirisha hilo inategemea laibrari za GTK na WebKit, yaani vipande vya programu vinavyotumiwa na programu nyingine. Lubuntu yenyewe, tangu toleo la 18.10, imejengwa juu ya laibrari tofauti, Qt. Ni kama umeita fundi wa bomba, akaja na kikosi cha wapaka rangi, na wote wanasubiri chai na mahamri.

Gharama haiishi siku hiyo. Kila laibrari inahitaji masasisho ya usalama. Bando likiisha, masasisho yanakwama na tundu linabaki wazi.

Fanya hivi:

1. Angalia ulicho nacho. Kazi yenyewe hufanywa na ufw, ambayo kwa kawaida huja na Ubuntu na ndugu zake. Iwashe kwa amri sudo ufw enable, kisha hakikisha kwa sudo ufw status.

2. Soma kabla ya kukubali. Ukiandika sudo apt install na jina la programu, utaonyeshwa vyote vitakavyoongezwa na MB zitakazopakuliwa. Orodha ikikushtua, jibu n.

3. Acha visivyo vya lazima. Ongeza --no-install-recommends kwenye amri hiyo, na vinavyopendekezwa tu havitawekwa.

4. Safisha. Ukishaondoa programu, sudo apt autoremove hutoa laibrari zilizobaki bila kazi. Hapa pia, soma orodha kwanza.

Hatusemi dirisha ni baya. Kama bila dirisha hutaiwasha faiawoli kabisa, basi weka Gufw, ila ujue unalipia nini.

Na kumbuka: faiawoli hailindi PIN uliyoiandika mahali. Usiihifadhi kwenye kompyuta, na usimpe yeyote, hata fundi unayemwamini.