Kutua Juu ya Karatasi

GPS ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Kwa droni inayopiga picha za shamba si neno, lakini ukitaka itue juu ya meza ya mita moja, ipe macho.

Wengi hapo hukimbilia akili mnemba. Mimi natumia karatasi. Alama za AprilTag, zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Michigan, ni miraba ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo hata kikompyuta cha Raspberry Pi huisoma upesi. Programu ikishajua ukubwa wa alama na tabia za lenzi yako, inakokotoa alama iko upande gani na umbali gani. Majibu yatume kwa ArduPilot, programu inayoongoza droni, kwa ujumbe wa LANDING_TARGET, mipangilio yake ya PLND_ENABLED na PLND_TYPE yote ikiwa 1.

Kabla ya kurusha, toa propela, ibebe droni mkononi na uipitishe juu ya alama huku ukitazama namba. Kulia na kushoto zikiwa zimegeuzwa, bora ugundue hapo.

Kazi yenyewe iko mita ya mwisho. Kamera yangu, toleo la pili la Raspberry Pi, ikiwa nusu mita juu huona kama sentimita 45 tu kwa upande wake mfupi. Alama ya sentimita 40 ikisogea kidogo inakatwa ukingo, na iliyokatwa haisomeki. Kwa hiyo chapisha alama ya familia ya AprilTag iitwayo tagCustom48h12: katikati yake pameachwa wazi makusudi, upachike alama ndogo yenye namba nyingine. Kila namba ipe kipimo chake, la sivyo kimo kitakuwa cha uongo.

Karatasi isiwe ya kung'aa, wala usiipige plastiki. Jua likimeta juu yake, weusi hugeuka weupe. Dar mwezi Machi na Oktoba, saa sita mchana, jua huwa utosini na kivuli cha droni huangukia alama yenyewe, mikono na propela zikichezacheza juu ya miraba. Majaribio nafanya saa mbili asubuhi. Kamera nayo usiiache ijipimie mwanga. Iwekee muda mfupi wa kufungua lenzi, picha isivutike droni ikitikisika.

Mwisho, amua alama ikipotea iweje. PLND_STRICT ikiwa 0, droni hushuka wima palepale. 1 hujaribu tena. 2 hubaki ikielea. Mimi huweka 1. Hiyo 2 naiona ya hatari, kwa sababu betri haisubiri.