KABLA HUJATOA HELA KWENYE GITAA LA MTUMBA, KAGUA HAYA 7

Leo tuache nguo na viatu kidogo. Tuongelee gitaa kavu lenye pikapu, lile unalipiga hivi hivi au unalichomeka kwenye spika. Hapa Nyamagana wateja wapo: kwaya, wapigaji wa hotelini, hata wanachuo wa kule Malimbe.

Nianze na hasara yangu. Nilitoa laki tatu na nusu, na laki mbili kati ya hizo zilikuwa za kikoba cha mke wangu. Muuzaji alinigeuzia mgongo wa gitaa, mbao inang'aa ina mawimbi, akasema, "Kaka, hii mepo tupu!" Nikaangalia urembo. Nilipomwita mpigaji wa kwaya alijaribu, nyuzi ziko juu mpaka vidole vikamuuma. Miezi minne baadaye nikaliuza laki moja na sabini. Marejesho ya kikoba hayakunisubiri, nikachomoa mtaji wa duka. Nisingependa yakukute.

1. MBAO. Mepo ni mti wa nchi za baridi, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Mbao yake ni ngumu, nyeupe-njano, na sauti yake ni kali na safi. Mara nyingi iko mgongoni na ubavuni. Uso wa mbele huwa mbao nyingine laini. Chungulia kwenye tundu la sauti. Mchoro wa mgongo kwa ndani ukifanana na wa nje, huenda ni ubao mzima. Usipofanana, ni plaiwudi yenye ganda la mepo. Plaiwudi si mbaya, inavumilia, ila usiilipie bei ya ubao mzima.

2. SHINGO. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja. Hapo uzi unakuwa rula yako. Katikati pawe na nafasi ndogo tu, kama unene wa kadi ya mwaliko. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda. Magitaa mengi yana chuma cha kurekebisha ndani ya shingo, lakini hiyo ni kazi ya fundi, na fundi analipwa.

3. UREFU WA NYUZI. Beba rula. Kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi uzi, milimita 2 hadi 3 inatosha. Zikizidi sana, mteja atalikimbia kama mpigaji wangu.

4. DARAJA. Jaribu kupitisha karatasi chini ya daraja linaloshika nyuzi. Ikipita, gundi imeachia. Angalia pia kama uso umevimba nyuma ya daraja, na kama kuna nyufa. Gitaa lililoachwa kwenye gari juani hupata shida hizi, maana joto hulainisha gundi.

5. SAUTI. Piga kila uzi kwenye kila freti, sikiliza panapokwaruza. Halafu gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige. Kisha ubonyeze, upige tena. Noti iwe ileile. Ikitofautiana, gitaa litakuwa linapotea kila ukipanda juu. Kama hujui kupiga, nenda na anayejua, mpe hela ya soda.

6. UMEME. Nenda na waya wako na betri mpya. Mengi hutumia ya volti 9. Fungua nyumba ya betri, angalia kutu na ukungu wa kijani. Chomeka, piga uzi mmoja mmoja: zote sita zilingane. Zungusha kila kitufe, tikisa waya pale unapoingia. Ukisikia mikwaruzo au sauti inakatika, punguza bei au ondoka. Muuzaji akikuambia "spika haipo, ila linafanya kazi", mwambie utarudi spika ikipatikana.

7. UMILIKI. Andikishianeni: jina, namba ya kitambulisho, sahihi, shahidi. Kupokea mali ya wizi ni kosa kisheria, na uzuri wa bei hautakutetea.

SASA HESABU. Anza na bei utakayouzia, urudi nyuma. Tuseme utauza 400,000. Toa nyuzi mpya na fundi 60,000, usafiri 10,000, faida yako 80,000. Inabaki 250,000. Hiyo ndiyo mwisho wako, hata gitaa liwe na mawimbi kama ziwa.

Juzi nimeliacha moja Igoma, zuri kweli, kwa sababu uzi mmoja ulikuwa kimya kwenye spika. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, lakini hela ya kikoba ilikuwa mfukoni. Hiyo nayo ni biashara.