Nyeri Mjini: Kiti cha Bunge Kisichokaa na Mtu

Majimbo ya uchaguzi ni ya namna mbili. Yapo ambayo, kabla hata kura hazijapigwa, watu wote wanajua kiti kitakwenda kwa nani. Na yapo ambayo hakuna ajuaye, hata mwenye kukikalia, mpaka hesabu ya kura imekwisha. Kaskazini ya Uingereza, karibu na Manchester, liko jimbo la Bury North, la mji wa Bury na viunga vyake. Mwaka 2015 lilikuwa mikononi mwa chama cha Conservative; mwaka 2017 likaenda kwa Labour; mwaka 2019 likarudi kwa Conservative kwa kura 105 tu, yaani watu wa kujaza mabasi mawili; na mwaka 2024 Labour wakalitwaa tena. Mbunge wa jimbo kama hilo halali usingizi mzito.

Msomaji akitaka kuona jambo la namna hiyo karibu na Mlima Kenya, na atazame Nyeri Mjini, mojawapo ya majimbo 6 ya Kaunti ya Nyeri. Tangu vyama vingi viliporuhusiwa tena mwishoni mwa 1991, hadi kufika 2022, jimbo hili lilipiga kura katika chaguzi kuu 7. Mwaka 1992 lilimchagua Bwana Isaiah Mathenge wa chama cha DP, ambaye zamani alikuwa Mkuu wa Mkoa. Mwaka 1997 lilimchagua Bwana Wanyiri Kihoro, wa chama hicho hicho, mwanasheria ambaye mwaka 1986 alikamatwa na kuzuiliwa katika Nyayo House, Nairobi. Katika muda wa miaka 5, basi, watu wale wale walitoka kwa mtu aliyeitumikia Serikali wakaenda kwa mtu aliyefungiwa na Serikali.

Mabadiliko hayakukoma hapo. Mwaka 2002 alichaguliwa Bwana Peter Gichohi Mureithi wa NARC, na mwaka 2007 Bibi Esther Murugi wa PNU, ambaye mwaka uliofuata alifanywa Waziri. Bibi huyu alirudi Bungeni mwaka 2013 kwa chama cha TNA. Mwaka 2017 akaja Bwana Ngunjiri Wambugu wa Jubilee, na mwaka 2022 Bwana Duncan Maina Mathenge wa UDA. Chaguzi 7, watu 6, vyama 6. Na katika hao wote ni Bibi Murugi peke yake aliyechaguliwa mara mbili.

Sababu moja ya hali hii ni watu wenyewe. Nyeri ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, na tangu 2013 ni makao ya Serikali ya Kaunti. Rware ndipo penye maduka, masoko na ofisi. Majengo, Kamakwa, Ruring'u na King'ong'o ni mitaa ya watu wa mshahara na wa biashara ndogo: makarani, walimu, askari wa gereza, madereva, wauza mboga. Kiganjo kuna reli iendayo Nanyuki, kiwanda cha maziwa, na chuo cha kufundishia polisi. Mathari kuna misheni ya Consolata na hospitali yake. Ukishuka Gatitu na Muruguru, hapo waanza mashamba ya kahawa, na mazungumzo ya watu ni bei ya kilo na deni la chama cha ushirika. Mtu wa mjini ataka maji, taa za barabarani na kibanda cha kuuzia. Mkulima ataka malipo yake ya kahawa yasicheleweshwe. Mbunge apendezaye upande mmoja huulizwa na upande wa pili amewatendea nini. Tena wakaaji wengi ni wapangaji waliotoka kwingine, ambao hawafungwi na ukoo wala na jina la mzee fulani.

Mwendo wa saa moja tu kutoka hapo liko Othaya, jimbo la namna ile ya kwanza. Bwana Mwai Kibaki alilishika tangu 1974 hadi 2013, miaka 39, na kwa miaka 10 ya mwisho alikuwa Rais wa nchi. Wengi wamesahau kwamba hakuanzia huko. Kwanza alikuwa mbunge wa Nairobi, na katika uchaguzi wa 1969, huko Bahati, mitaa ya mashariki ya jiji, Bibi Jael Mbogo alimtoa jasho hata akaponea chupuchupu. Uchaguzi uliofuata alikwenda kusimama nyumbani kwao. Hata mtu mwenye akili nyingi na cheo kikubwa aweza kuogopa wapiga kura wa mjini.

Lakini kati ya Bury na Nyeri Mjini iko tofauti ambayo msomaji yampasa aielewe vizuri. Bury vyama ni vile vile miaka nenda miaka rudi, na wapiga kura ndio wanaohama. Nyeri, chama chenyewe huja kama mvua ya masika, kikafunika mlima mzima, kisha kikakauka. Mwaka 2022 mvua hiyo iliitwa UDA, na mgombea mwenza wa chama hicho, Bwana Rigathi Gachagua, alikuwa mbunge wa Mathira, jimbo la jirani. Bwana Wambugu alibaki Jubilee, akalowa. Anayepata tiketi ya chama chenye nguvu mwaka huo yu karibu na Bunge. Anayeikosa, sifa zake nyingine zote humsaidia kidogo.

Ushahidi wa jambo hili uko Tetu, mpakani na Nyeri Mjini. Mwaka 2002 Profesa Wangari Maathai alisimama kwa NARC akapata kura 98 katika kila 100. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, Mwafrika wa kwanza wa kike kuipata. Mwaka 2007 alikosa tiketi ya PNU, akasimama kwa chama chake kidogo cha Mazingira, akashindwa. Dunia nzima ilimjua. Mchujo wa chama haukumjua.

Mazoea haya yana mizizi ya zamani. Katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Kenya, Machi 1957, mtu wa Nyeri hakuweza kupiga kura bila hati ya kuthibitisha kwamba aliitii Serikali ya kikoloni, ambapo mtu mwenye elimu, mali au utumishi aliweza kupewa mpaka kura 3. Wakikuyu wengi waliachwa nje. Kura za Meru zikawa na uzito, na Bwana Bernard Mate akamshinda Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1988, wakati wa chama kimoja, mchujo ulifanywa kwa mlolongo: watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, na aliyepita kura 70 katika kila 100 alihesabiwa amechaguliwa, bila kura ya siri kupigwa. Mara nyingi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Katika nyakati zote mbili uamuzi ulikwisha katwa kabla ya sanduku kufunguliwa.

Hivi leo kura ya siri ni haki ya kila raia aliyetimiza miaka 18 na kujiandikisha, na Katiba ya 2010 yaagiza uchaguzi mkuu ufanywe Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Baada ya 2022, siku hiyo ni tarehe 10 Agosti 2027. Mchujo, hata hivyo, ni shughuli ya vyama, na hutangulia kwa miezi kadhaa. Pale chama kinapowapigisha wanachama wake kura, daftari linalotumika ni la wanachama, ambalo nakala yake iko kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, nalo ni mbali na daftari la wapiga kura. Karani wa Ruring'u au mkulima wa Gatitu ambaye jina lake liko katika daftari moja tu ataikuta karatasi ya Agosti imekwisha pigwa chapa, na majina yaliyomo yamechaguliwa na wengine.